Ubuyu wa Leo: Staa Anauza Soda kwa Meno ya Kununua

Jina kapuni, lakini mjini nani asiyemjua? Ni staa wa kike wa Bongo Fleva, bango lake limesimama pale ambapo daladala zinabanana jioni. Shingo kailaza nyuma kidogo, chupa ya soda mkononi, meno yanameremeta kama vigae vipya vya bafuni. Chini ya bango abiria wanagombania mlango, na baadhi yao wameshika chupa hiyohiyo.

Sasa sikia ubuyu wenyewe. Wiki hiyohiyo dada akaingia laivu usiku, hana mekapu, kajiachia kwenye kochi. Shabiki mmoja akamuuliza siri ya ngozi na meno. Akajibu bila kupepesa macho: "Jamani, mi soda sinywi, mwaka wa nne huu. Maji tu. Na meno nimetengenezea Uturuki, sifichi."

Watu wakamwaga makopakopa, wakamsifu kwa ukweli wake, laivu ikaisha. Bango likabaki palepale barabarani. Hakuna aliyeunganisha hayo mambo mawili.

Ndo hapo penye ugomvi. Soda si haramu, na mtu kula tangazo si kosa. Mjini kila mtu anatafuta mkwanja wake. Ugomvi ni kwamba tabasamu linalouza ile chupa halikutokana na ile chupa, na mwenye tabasamu analijua hilo. Shabiki anayelipa haambiwi. Anaambiwa anywe, tena anywe kutwa: ukiwa kazini, ukiwa kwenye foleni, ukiwa na washkaji, ukiwa mpweke. Hilo la kutwa ndo linaloua meno.

KIJANA WA MBAGALA NA CHUPA YAKE

Mfano upo mtaani, hauhitaji kutafutwa kwa tochi. Kijana wa bodaboda wa Mbagala, miaka 24, anaingia kijiweni saa kumi na moja alfajiri. Kinywaji chake ni enaji, ile ambayo staa mwingine, wa kiume, anaitangaza akiwa amevua shati juu ya pikipiki ambayo hajawahi kuiendesha Kilwa Road saa mbili asubuhi.

Kijana si mlafi. Chupa moja anaigawa: akishusha abiria anapiga funda moja, anafunga kifuniko, anairudisha kwenye mfuko wa jaketi. Chupa inamfikisha saa nne, wakati mwingine saa tano. Mchana ananunua nyingine, mchezo uleule. Moyoni anajiona mtu wa kubana matumizi, tena mwenye nidhamu kuliko wenzake wanaoigida chupa nzima kwa mkupuo.

Kumbe mwenzake aliyeigida kwa dakika tano kayaumiza meno mara moja. Yeye, kwa funda moja kila robo saa, kayaumiza asubuhi nzima bila kuyapa hata nafasi ya kuvuta pumzi.

MENO HAYAHESABU VIJIKO TU, YANAHESABU MARA

Wazee wakisema jino limeingia wadudu, hawakuwa mbali sana na ukweli. Ila wadudu wenyewe hawaonekani kwa macho. Ni bakteria wanaoishi kwenye ule utando unaoteleza ukipitisha ulimi juu ya meno ambayo hayajapigwa mswaki. Chakula chao kikuu ni sukari. Wakiila wanatoa asidi, na asidi hiyo inachomoa madini kwenye ganda la nje la jino, ambalo ndilo kitu kigumu kuliko vyote kwenye mwili wa binadamu.

Kuna kipimo kinaitwa pH. Maji safi yanakaa kwenye 7 hivi. Mdomo ukishuka chini ya 5.5, ganda la jino linaanza kupoteza madini. Soda za kola zenyewe ziko kama 2.5, kwa hiyo kabla hata bakteria hawajakaa mezani, kinywaji chenyewe kishaanza kazi.

Mwili si mjinga. Mate yanaosha ile asidi na kurudisha madini kwenye jino, taratibu. Kazi hiyo inachukua kama nusu saa, wakati mwingine zaidi. Mtu akila mara tatu au nne kwa siku, mate yana muda wa kutosha wa kufanya ukarabati. Lakini kila funda jipya la kitu kitamu linarudisha saa nyuma, kazi inaanza upya.

Sasa chukua siku ya kawaida ya binti wa ofisini pale Posta. Saa moja na nusu, chai ya sukari na maandazi. Saa tatu, pipi ya kuchangamsha mdomo. Saa nne, ubuyu, na hapa ni ubuyu wenyewe, ule mwekundu wa Zanzibar, mmoja baada ya mwingine huku anajibu simu. Saa saba, chipsi na soda, na ile soda inabaki mezani mpaka saa tisa. Saa kumi, biskuti. Jioni kwenye mwendokasi, jojo. Usiku, muvi na juisi ya boksi. Akiulizwa, atasema kwa uhakika kabisa kwamba hapendi vitu vitamu. Na kwa kuhesabu vijiko anaweza hata kuwa mkweli. Meno yake, lakini, hayajapumzika tangu alfajiri.

Ubuyu usionewe, sifa zake anazo. Ila ule wa kununua umepikwa na sukari, asili yake ni mchachu, na unanyonywa taratibu. Sukari, asidi na muda, vyote kwenye mfuko mmoja.

WALIOLISHWA PIPI ILI WAOZE

Atakayesema hizi ni stori za madaktari, kuna kisa cha Sweden kinachopaswa kumnyamazisha. Miaka ya 1940, kwenye hospitali iitwayo Vipeholm, karibu na mji wa Lund, waliishi watu wenye ulemavu wa akili. Watafiti wakawagawa kwa makundi. Wengine walipewa sukari ya ziada pamoja na mlo. Wengine walipewa tofi ngumu zenye kunata, wazile katikati ya milo. Viwanda vya sukari na pipi vilichangia gharama. Hakuna aliyewaomba ridhaa wale wagonjwa.

Majibu yakaja wazi mpaka yakatisha. Waliokula sukari na mlo, meno yao hayakuharibika sana. Waliokula tofi za kunata siku nzima, meno yao yaliteketea. Dunia ikajifunza kwa vinywa vya watu wasioweza kukataa kwamba hatari kubwa iko kwenye kitamu kinachoganda na kinachorudiwarudiwa. Sweden ikatoka na ushauri ambao upo mpaka leo: mtoto ale pipi Jumamosi, siku moja, amalize, basi.

Kile walichofanyiwa wale watu kwa siri, leo vijana wa mjini wanajifanyia wenyewe kwa hela zao, huku staa anawachekea kutoka juu ya bango.

NA WALE WA DETOKSI NAO WAKAE HAPO HAPO

Kuna mrembo mmoja mtandaoni, naye jina kapuni, ambaye kila asubuhi anaposti glasi ya maji ya vuguvugu na limau, anaifyonza taratibu kwa saa nzima, anasema inasafisha mwili. Wafuasi wake wameacha soda, hongera kwao, wamehamia kwenye limau kutwa. Limau halina sukari ya kutisha, lakini kwa uchachu halipishani na kola. Jino halijui kama asidi imetoka kiwandani au kwenye mti wa nyumbani. Anayebembea na limau kutwa, siku moja atakunywa maji baridi na kuruka kwenye kiti.

Soda za "ziro" nazo ni hivyohivyo. Sukari hamna, kwa hiyo bakteria hawali, ni nafuu ya kweli. Ila asidi ipo. Juisi ya miwa, juisi ya ukwaju, juisi ya pesheni "asilia kabisa": tunda likishakamuliwa, sukari yake inakuwa huru kuogelea kwenye meno kama ile ya kwenye gunia. Mtu akitafuna chungwa zima anatoa mate mengi na anamaliza. Akibeba juisi kwenye chupa kutwa, ni soda yenye cheti cha kuzaliwa kijijini.

Kwa wanaopenda hesabu: soda ya kawaida, ile chupa ya mililita 350, ina sukari takriban gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu anaipata kwenye chakula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25. Yaani chupa moja tu, kabla ya chai, kabla ya andazi, mtu kashapita.

"ACHENI WIVU, BIBI YANGU ALIKULA MIWA"

Majibu ya mashabiki yanajulikana hata kabla hayajaandikwa. La kwanza: wivu. Haya, tuseme ni wivu. Jino linalotoboka haliulizi nani alikuwa na wivu.

La pili lina hoja kidogo: bibi alikula miwa mpaka anazikwa na meno yake. Sawa. Lakini bibi alikula muwa wakati wa msimu, alikaa chini, akautafuna, akaumaliza, akarudi shambani. Chai yake ilikuwa na saa yake. Hakuwa na kioski mlangoni, hakuwa na friji la soda kila hatua ishirini, na hakuwa na chupa kwenye mkoba. Asubuhi alichokonoa meno kwa kijiti cha mswaki mpaka kikawa brashi. Na tuambiane ukweli, kuna bibi wengi pia waliozikwa na mapengo, ila hao hawatajwi kwenye komenti.

La tatu ndo zito: staa anamlazimisha nani? Mtu mzima ana akili zake. Ni kweli, hakuna anayeshikiwa chupa mdomoni. Ila kampuni hazimlipi staa mamilioni kwa sababu watu hawafuati. Zinamlipa kwa sababu wanafuata, hasa watoto. Mtoto wa darasa la tatu anayemwiga kucheza, kuvaa na kuongea, atamwiga na kunywa. Staa anayekubali sifa za kuwa "kioo cha jamii" siku ya kupokea tuzo, hawezi kugeuka "mtu binafsi" siku ya kuulizwa anachokitangaza.

TAJIRI ANABANDIKA, MASKINI ANANG'OA

Turudi kwa kijana wa Mbagala, maana kisa chake hakikuishia kwenye chupa. Lilianza gego la chini, kidoti cheusi kama ncha ya kalamu. Halikuuma, akaliacha. Baadaye likaanza kuuma akinywa maji baridi, akahamia upande wa pili kutafuna. Likaanza kuuma usiku, akaweka karafuu, akanunua dawa za maumivu duka la dawa, akalala, asubuhi akaamka kazini. Halafu maumivu yakakata yenyewe. Akashangilia, akadhani limepona. Halikupona. Mshipa ndani ya jino ulikuwa umekufa.

Baada ya muda shavu likavimba mpaka kofia ngumu haiingii kichwani. Siku mbili hakufanya kazi, na bosi wa pikipiki anataka hesabu yake ileile. Ndo akaenda hospitali. Daktari akamtazama, akamwambia: "Mdogo wangu, ungekuja likiwa kidoti tungeziba dakika chache tu. Sasa hivi kuna matibabu ya mzizi, au tung'oe." Akauliza bei ya zote mbili. Akang'oa.

Na alikuwa na bahati. Usaha wa jino la chini ukishuka shingoni unaweza kuvimbisha koo mpaka hewa isipite. Watu wanakufa kwa jino. Hilo halijawahi kuandikwa kwenye bango.

Staa jino lake likioza ana njia nyingine. Anapanda ndege, anarudi na vinia, yale maganda membamba ya kauri yanayobandikwa mbele ya jino. Hata hapo kuna mambo hayasemwi laivu. Mara nyingi ganda la asili linasagwa kwanza ili kauri ikae, na likishasagwa halioti tena maisha yote. Wapo waliodhani wamewekewa vinia, kumbe jino lao zima limechongwa pembe zote likavishwa kofia. Kauri haidumu milele, itabidi ibadilishwe, na kila kubadilisha ni gharama. Kubwa zaidi, kauri haiozi, lakini jino lililo chini yake linaoza, hasa pale pembeni kauri inapokutana na ufizi. Ndo maana yule dada kaacha soda! Kashaambiwa na daktari wake. Anajua kulinda uwekezaji wake. Anachouza ni kile alichokatazwa.

RANGI SIYO AFYA

Na hii tabia ya kupima meno kwa weupe imezaa unyama mwingine. Kuna mchekeshaji anayejipatia vichekesho kwa kuwasema watu wa kaskazini, eti meno yao ya kahawia hayajawahi kuona mswaki. Watu wanacheka. Ukweli ni kwamba kwenye baadhi ya maeneo ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro, maji ya ardhini yana madini ya floridi kupita kiasi, na magadi ya kupikia nayo yanaweza kuongeza. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanajitengeneza ndani ya ufizi, yanaota yakiwa na madoa. Hata apige mswaki mara kumi kwa siku, hayatoki. Kiasi kidogo cha floridi hiyohiyo, kwenye dawa ya meno, ndicho kinacholinda jino lisioze.

Kwa hiyo anayechekwa kwa rangi anaweza kuwa hana jino hata moja lililotoboka, na anayecheka kwa meno meupe anaweza kuwa na magego matatu mabovu nyuma ambako kamera haifiki.

KINACHOWEZEKANA BILA KUPANDA NDEGE

Hakuna anayeambiwa aishi bila utamu. Cha kufanya ni cha bei ya chini kuliko chupa yenyewe. Soda ikinywewa, inywewe na mlo, iishe, halafu maji. Mkoba ubebe maji. Katikati ya milo tumbo likidai, kuna karanga, korosho, yai la kuchemsha, tango, muhogo wa kuchoma, maziwa yasiyo na sukari. Ubuyu na pipi vipangiwe siku yake, kama wale watoto wa Jumamosi. Mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, na wa usiku usirukwe, maana mtu akilala mate yanapungua na mdomo unabaki bila mlinzi. Baada ya limau au soda, asikimbilie mswaki palepale. Asukutue maji, asubiri nusu saa au zaidi. Mtoto asilazwe na chupa ya juisi. Na kidoti cheusi kipelekwe hospitali kikiwa bado kidoti.

Upande wa mastaa, dawa ni fupi zaidi. Yule dada alikwishasema ukweli, tena kwa mdomo wake mwenyewe, saa tano usiku, akiwa kwenye kochi. Auseme na mchana. Aposti ile picha ya bango na aandike chini yake maneno yaleyale: soda sinywi, mwaka wa nne huu. Kama kampuni itaendelea kumlipa, hapo atakuwa staa kweli. Kama haitamlipa, basi mashabiki watakuwa wamejua walikuwa wananunua nini.

Kijana wa Mbagala bado yupo kijiweni, chini ya bango lilelile, ana pengo upande wa kulia na anatafunia kushoto. Gego la kushoto limeanza kidoti. Mfukoni kuna chupa, imebaki nusu.

Haya, mwenye chupa mkononi aimalize sasa hivi au aifunge mpaka wakati wa kula. Kusip kutwa, hapana!